Malezi ya Daktari-Mtafiti katika Tiba ya Magonjwa ya Akili

Utangulizi

Wachungaji wengi wamekwisha kupokea nyumbani kwao familia iliyomleta kijana asiyelala, anayesema peke yake, au anayekataa chakula kwa hofu ya kuwekewa sumu. Mchungaji husikiliza, huomba pamoja nao, na akiwa na busara huwaelekeza pia hospitali. Huko daktari huandika dawa. Baada ya majuma machache kijana mmoja hurudia hali yake njema, mwingine hupata nafuu kidogo, na wa tatu habadiliki hata kidogo. Ndipo familia hurudi na kuuliza: "Mbona mwenzake amepona na huyu wetu hakupona?"

Swali hilo ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu lake haijapatikana bado, hata katika hospitali kubwa za dunia. Atakayelipata hana budi awe ameketi na wagonjwa hata akayafahamu mateso yao, na tena awe amejifunza kazi ya maabara hata akaweza kuuliza swali linalojibika. Watu wenye mambo hayo mawili kwa pamoja ni wachache, nao hawapatikani kwa bahati. Hulelewa kwa muda mrefu. Makala haya yanakusudia kueleza malezi hayo. Mfano wetu utatoka hasa Marekani, kwa maana huko mafunzo ya namna hii yamewekewa utaratibu unaojulikana. Tutaanza na maana ya maneno, kisha historia fupi ya dawa mbili, halafu njia ya mafunzo yenyewe na vizuizi vyake. Mwishoni tutaligusa swali la dhamiri, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

1. Maana ya maneno

Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu kamili. Kwanza amesoma udaktari wa mwili wote, kisha ameingia katika mafunzo ya ubingwa. Nchini Marekani mwanafunzi husoma miaka minne ya chuo, miaka minne ya shule ya udaktari, na baada ya hapo miaka minne ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Katika miaka hii minne ya mwisho yeye ni daktari tayari, anatibu wagonjwa na kulipwa mshahara, lakini hufanya kazi chini ya wasimamizi. Tutamwita daktari mwanafunzi wa ubingwa.

Daktari-mtafiti ni tabibu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta maarifa mapya. Hakuacha udaktari ili awe mwanasayansi, wala hafanyi utafiti kama kazi ya ziada ya Jumamosi. Kazi zote mbili ni wito wake.

Kuna na neno la tatu. Wataalamu husema juu ya utafiti wa kuvusha maarifa kutoka maabara hadi kitandani pa mgonjwa. Katika Kiingereza utafiti huo huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa kazi ya kutafsiri lugha. Msomaji aliyesoma theolojia hatapata shida kuelewa. Mwanafunzi wetu hujifunza Kigiriki na Kiebrania, hupima maana ya neno moja kwa siku nzima, kisha Jumapili husimama mbele ya akina mama waliotoka shambani, naye hana budi kusema nao kwa lugha inayowafaa. Kati ya dawati lake na mimbari kuna bonde, na wengi hubaki upande mmoja. Ndivyo ilivyo katika tiba. Mwanabiolojia aweza kujua mengi juu ya seli za neva za panya bila kukutana hata mara moja na mtu mwenye skizofrenia. Naye daktari aweza kutibu wagonjwa elfu moja, akaona jambo la ajabu kwa kumi kati yao, asijue namna ya kulichunguza. Utafiti wa kuvusha ni kazi ya kulivuka bonde hilo, tena kwa pande zote mbili: kupeleka maarifa ya maabara kwa mgonjwa, na kurudisha maswali ya mgonjwa maabara.

2. Historia mbili za kutufundisha

Historia ya lithiamu yaonyesha vizuri kwa nini mtu mmoja mwenye jicho la daktari na udadisi wa mtafiti ana thamani, na pia kwa nini udadisi peke yake hautoshi.

John Cade alikuwa daktari wa magonjwa ya akili nchini Australia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikaa zaidi ya miaka mitatu katika kifungo cha Wajapani huko Changi, Singapore. Aliporudi alifanya kazi katika hospitali ya Bundoora, karibu na Melbourne. Hakuwa na maabara ya kifahari wala msaada mkubwa. Alidhani kwamba ugonjwa wa mania, yaani hali ya mtu kuchangamka kupita kiasi hata akapoteza kiasi na usingizi, husababishwa na sumu fulani mwilini. Katika kuchunguza dhana hiyo aliwadunga simbilisi chumvi za lithiamu, akaona wametulia. Kwanza alimeza dawa hiyo mwenyewe ili apime usalama wake, kisha akawapa wagonjwa. Mwaka 1949 alichapisha taarifa ya wagonjwa kumi wa mania waliopata nafuu. Baadhi yao walikuwa wamekaa hospitalini kwa miaka mingi.

Lakini historia haikuishia hapo. Mgonjwa wake wa kwanza, ambaye kupona kwake kulikuwa kwa ajabu, alikufa mwaka 1950 kwa kuzidiwa na lithiamu ile ile. Kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua vimekaribiana mno. Cade alisikitika sana, akaiacha dawa hiyo. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kupima kiasi cha lithiamu katika damu ya mgonjwa, na njia hiyo ilitoka upande wa pili wa bonde: Edward Trautner, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Melbourne, pamoja na daktari Charles Noack, walichapisha mwaka 1951 kazi juu ya wagonjwa zaidi ya mia moja waliotibiwa huku damu yao ikipimwa. Kisha mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake huko Denmark waliijaribu dawa kwa kuilinganisha na kidonge kisicho na dawa ndani yake, ili wajue kwa hakika kama nafuu hutokana na lithiamu au na sababu nyingine. Marekani iliiruhusu mwaka 1970. Hadi leo lithiamu ni miongoni mwa dawa bora kwa watu ambao hali ya moyo wao hupanda hadi mania na kushuka hadi sonona.

Tazama basi watu waliohitajika: mmoja aliyeona, mwingine aliyepima, na mwingine aliyelinganisha. Nia njema na jicho kali la daktari vilizaa ugunduzi, lakini bila kipimo ugunduzi huo uliua. Mafunzo tunayoyaeleza hapa yanakusudia kumpa daktari mmoja uwezo wa kuona, na pia elimu ya kutosha ya kupima na kulinganisha, au angalau ya kujua ni nani amwite.

Historia ya pili ni ya karibu zaidi. Mwaka 1986 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, miongoni mwao daktari wa magonjwa ya akili Steven Paul, walionyesha kwamba mabaki fulani ya homoni za mwili huongeza nguvu ya kipokezi kimoja cha ubongo ambacho kazi yake ni kutuliza seli za neva. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya maabara tu. Ikajulikana kwamba mojawapo ya kemikali hizo huongezeka sana mwilini mwa mama mjamzito na kushuka ghafla baada ya kujifungua. Hapo swali la maabara likakutana na mateso yanayojulikana katika kila kijiji, yaani mama aliyejifungua salama kisha akazama katika huzuni nzito, asimtake mtoto wala maisha. Dawa ya kwanza iliyotokana na maarifa hayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, nayo ilitolewa kwa dripu ya saa 60. Mwaka 2023 ikafuata nyingine, ya vidonge vinavyomezwa kwa siku 14. Kutoka 1986 hadi 2019 ni miaka 33. Mtafiti aliyeanza kijana alimaliza mzee.

3. Njia ya mafunzo

Kwa nini tiba ya akili iwe na shida kuliko tiba nyingine? Daktari wa moyo aweza kupima mapigo, na daktari wa malaria aweza kumwona mdudu kwa darubini. Daktari wa akili hana kipimo cha damu kinachosema, "Hii ni skizofrenia." Hutegemea maneno ya mgonjwa, mwenendo wake, na habari za ndugu zake. Ubongo hauwezi kukatwa kipande ukapelekwa maabara mtu akiwa hai, isipokuwa kwa sababu kubwa mno. Wala panya hawezi kutueleza kwamba amekata tamaa. Hivyo anayeingia katika utafiti huu anahitaji kufahamu sayansi ya neva, jeni na takwimu, na wakati huo huo awe msikilizaji hodari wa watu.

Njia ya kwanza ya kumwandaa ni kuanza mapema. Tangu 1964 serikali ya Marekani imefadhili mpango wa kuwafundisha vijana udaktari wa tiba pamoja na shahada ya uzamivu katika sayansi. Ulianza katika vyuo vikuu vitatu na baadaye ukaenea. Masomo hayo mawili kwa pamoja huchukua miaka saba au minane. Lakini mhitimu akiingia katika ubingwa, hukutana na miaka minne ya wodi, zamu za usiku na kliniki, wakati sayansi aliyojifunza inasonga mbele bila yeye. Akitoka huko amesahau mengi, na mbinu alizozijua zimepitwa.

Kwa sababu hiyo vyuo kadhaa viliweka njia ya utafiti ndani ya ubingwa wenyewe, na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili, iliyoundwa 1949, imekuwa ikitoa ruzuku kwa ajili ya mafunzo ya namna hii. Utaratibu hutofautiana kati ya chuo na chuo, ila mfano wa kawaida ni kama ufuatao.

Mwaka wa kwanza mwanafunzi hushika kazi ya tiba karibu wakati wote: miezi minne ya magonjwa ya mwili, miezi miwili ya magonjwa ya neva, na iliyobaki wodi za wagonjwa wa akili. Utafiti kwake ni kukutana na walimu mbalimbali, kusoma, na kumtafuta mlezi. Mwaka wa pili huendelea na wodi, watoto, wazee, na wagonjwa waliotawaliwa na pombe au dawa za kulevya. Hapo hupewa muda mfupi wa kuanza kazi ndogo ya utafiti. Mwaka wa tatu kwa kawaida ni wa kliniki, ambamo huwafuata wagonjwa wale wale kwa mwaka mzima na kujifunza tiba ya mazungumzo. Muda wa utafiti huongezwa, pengine siku nzima katika juma. Mwaka wa nne, akiwa ametimiza matakwa ya ubingwa, sehemu kubwa ya wakati wake hupewa utafiti.

Mambo matatu ndiyo nguzo za njia hii. La kwanza ni muda uliolindwa. Muda huo huandikwa katika ratiba, na mkuu wa wodi hana ruhusa ya kuuchukua kwa sababu tu wagonjwa wamekuwa wengi. Anayejua jinsi mwalimu wa chuo cha theolojia anavyoandika kitabu chake kati ya mazishi mawili na kikao kimoja ataelewa umuhimu wa ulinzi huo.

La pili ni mlezi. Neno letu la Kiswahili lafaa sana hapa, maana mlezi hafundishi darasani tu. Humwonyesha kijana namna ya kuuliza swali dogo la kutosha ili lijibike, namna ya kukubali kwamba matokeo yamepinga dhana aliyoipenda, namna ya kuandika ombi la ruzuku na kulirudia likikataliwa. Pia humwambia ukweli juu ya kazi hii.

La tatu ni daraja la kutokea. Miaka minne haitoshi kumfanya mtu awe mtafiti wa kujitegemea. Kwa hiyo baada ya ubingwa wengi huongeza miaka miwili au mitatu ya utafiti chini ya mlezi, kisha huomba ruzuku maalumu ya watafiti chipukizi. Ruzuku hizo hudumu hadi miaka mitano, na chuo hutakiwa kuahidi kwamba angalau robo tatu ya muda wa kazi wa mhusika itakuwa ya utafiti.

Isidhaniwe kwamba kila anayepita njia hii huishia kutengeneza dawa. Eric Kandel aliingia katika ubingwa wa magonjwa ya akili huko Boston mwaka 1960, akiwa na nia ya kuwachunguza watu kwa mazungumzo. Baadaye alitumia miaka mingi akichunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye seli zake za neva ni chache na kubwa, ili ajue kumbukumbu hujengwaje. Mwaka 2000 alishiriki Tuzo ya Nobel. Swali lake lilikuwa lile lile la daktari wa akili: mambo yaliyompata mtu huachaje alama ndani yake? Alilipeleka tu mahali ambapo lingeweza kujibika.

4. Vizuizi

Mwaka 1979 James Wyngaarden, ambaye baadaye aliongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika kwamba daktari-mtafiti ni kama kiumbe aliye katika hatari ya kutoweka. Mwaka 2003 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa ripoti nzima juu ya mafunzo ya utafiti katika ubingwa wa magonjwa ya akili, ikavigawa vizuizi katika mafungu matatu: vya kanuni, vya vyuo, na vya watu binafsi. Na ripoti ya Taasisi za Taifa za Afya ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba madaktari wanaohesabu utafiti kuwa kazi yao kuu hawafiki wawili katika kila mia.

Kanuni za ubingwa hutaka miezi kadhaa ya hiki na miezi kadhaa ya kile, na kwa sababu njema, maana hakuna anayetaka kutibiwa na bingwa aliyeruka masomo. Lakini kila mwezi unaoongezwa huko hupungua upande wa utafiti. Vyuo navyo hupata fedha daktari anapotibu, bali hutumia fedha anapofanya utafiti. Mkuu wa idara hana budi kuchagua. Tena chuo kidogo huenda kisiwe na mlezi hata mmoja anayefaa.

Kuhusu watu binafsi, neno la kwanza ni deni. Mhitimu wa udaktari nchini Marekani aliyekopa ili asome huwa na deni la takriban dola 200,000. Mwenzake aliyekwenda kutibu tu huanza kulipa mara moja. Mtafiti huongeza miaka mingine ya mshahara mdogo. Serikali imeweka mpango wa kuwalipia watafiti sehemu ya madeni hayo, hadi dola 50,000 kwa mwaka, kwa masharti kwamba waendelee na utafiti. Hata hivyo mtu hukaribia umri wa miaka 40, pengine huupita, kabla ya kupata ruzuku yake kubwa ya kwanza. Wakati huo ana mume au mke, watoto, na wazazi wanaozeeka. Wanawake hubanwa zaidi, maana miaka ya kuzaa na miaka ya kujijenga katika utafiti ni ile ile. Wengi wenye vipawa huacha, wala si kwa uvivu.

5. Swali la dhamiri

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Daktari ameapa kutafuta mema ya mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti hutafuta maarifa yatakayowafaa wagonjwa wajao. Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja, lakini si siku zote. Ikiwa utafiti unataka mgonjwa apewe dawa kwa kura, yaani bahati iamue kama atapata dawa mpya au kidonge kisicho na kitu, basi kwa saa hiyo daktari hamchagulii mgonjwa wake kile anachodhani kuwa bora. Mtu mmoja amevaa kofia mbili.

Historia ya tiba ya akili ina mashahidi wa kutosha juu ya hatari hii. Roland Kuhn wa Münsterlingen, Uswisi, aliyegundua dawa ya kwanza ya aina yake dhidi ya sonona katika miaka ya 1950, alisifiwa kote. Uchunguzi wa wanahistoria uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kwa miongo kadhaa dawa nyingi ambazo hazijaidhinishwa zilijaribiwa huko kwa wagonjwa wengi, aghalabu bila wao kuelezwa wala kuridhia. Mtaalamu yule yule aliyewafariji wengi kwa ugunduzi wake aliwatumia wengine bila kuwauliza.

Kanuni zipo. Baada ya hukumu ya Nuremberg ya 1947 ilisemwa wazi kwamba ridhaa ya mtu ni lazima. Azimio la Helsinki likafuata 1964. Sheria ya Marekani ya 1974 ilitaka kamati za maadili zipitie utafiti, na ripoti ya Belmont ya 1979 ikaweka misingi mitatu: heshima kwa watu, kuwatendea mema, na haki. Kila daktari mwanafunzi wa njia ya utafiti hufundishwa mambo haya. Lakini kuna shida moja isiyoondolewa na sahihi kwenye karatasi. Mwaka 1982 daktari wa magonjwa ya akili Paul Appelbaum na wenzake walieleza kwamba wagonjwa wengi walioshiriki katika utafiti, hata walioelezwa vizuri, waliendelea kuamini kwamba kila walichofanyiwa kilichaguliwa kwa faida yao binafsi. Walisikia neno "kura," nao wakafikiri, "Daktari wangu hawezi kunipa kisichonifaa." Imani yao kwa daktari iliziba masikio yao.

Hapa naona kiini cha malezi yote tuliyoyaeleza. Mtu ambaye ni mtafiti tu huweza kutouona uzito wa imani hiyo. Mtu ambaye ameketi na wagonjwa kwa miaka minne, akapigiwa simu usiku, akajua jinsi mtu anayeugua akili anavyomshikilia daktari wake kama mtu anayezama ashikavyo ubao, anapaswa kujua kwamba imani hiyo ni amana. Miaka ya wodi, ambayo huonekana kumchelewesha mtafiti, ndiyo inayomfundisha jambo hilo. Ikipunguzwa sana ili apate muda zaidi wa maabara, tutapata wanasayansi wenye leseni ya udaktari, lakini hatutapata madaktari-watafiti.

6. Yanayotuhusu

Mambo haya hayako mbali nasi. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa 2022 ulipata sehemu 287 za urithi zinazohusiana na skizofrenia, kazi kubwa sana. Lakini watu wengi waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Kinachojulikana juu yao huenda kisitufae sisi sawasawa. Ndiyo maana watafiti wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika ya Kusini, pamoja na wenzao wa Marekani, walianzisha utafiti wa jeni za magonjwa haya kwa makumi ya maelfu ya watu wa nchi hizo nne, na tangu 2017 ukaambatana na mpango wa kuwafundisha watafiti chipukizi wa nchi hizo wenyewe. Katika utafiti huo washiriki waliulizwa maswali ili ijulikane kama wameelewa walichoelezwa, na wasioelewa walielezwa tena kabla ya kukubaliwa. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Aidha kanisa letu si geni katika uwanja huu. Lutindi, katika milima ya Usambara, imewatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo wengi hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Basi, mshirika akija kwa mchungaji na kusema, "Hospitali wanataka mwanangu aingie katika utafiti, niseme nini?" mchungaji asijibu upesi kwamba ni dhambi, wala asijibu upesi kwamba wataalamu wanajua. Afadhali amsaidie kuuliza maswali haya: Je, hii ni tiba au ni utafiti, au vyote viwili? Mwanangu atapewa kitu kwa kura? Tukikataa, ataendelea kutibiwa kama kawaida? Tunaweza kujitoa baadaye? Ni nani atakayemwangalia utafiti ukiisha? Je, kamati ya maadili imeupitisha? Daktari-mtafiti aliyelelewa vema hatachukizwa na maswali hayo, bali atayafurahia, kwa sababu alifundishwa kuyauliza kabla yetu.

Na kijana wa usharika aliye hodari katika sayansi, akisema kwamba anataka kuwa daktari wa wagonjwa wa akili, asichekwe kana kwamba amechagua kazi ya chini. Aelezwe kwamba njia ni ndefu, kwamba fedha ni kidogo mwanzoni, na kwamba huenda akafanya kazi miaka thelathini kabla ya kuona matunda. Kisha atafutiwe mlezi.